Bi Kidude Bila Kupakwa Chokaa

Jamani, itafuteni filamu hii! Nimetoka kuitazama kwa mara ya kwanza, moyo bado unanienda mbio, na nimeamua kuandika sasa hivi, kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kupima maneno, na filamu yenyewe haikupima. Inaitwa I Shot Bi Kidude. Ilitoka mwaka 2015, mwongozaji wake ni Mwingereza Andy Jones, na inamhusu bibi ambaye kila mtu wa pwani anamhesabu kuwa ni wa kwao: Fatuma binti Baraka wa Unguja, Bi Kidude, malkia wa taarabu na unyago, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa na umri ambao hakuna aliyeweza kuuthibitisha, wengi wakisema amepita miaka mia.

Tumeitazama Pongwe. Nasema Pongwe hii ya Tanga, si ile ya mashariki ya Unguja inayojulikana na watalii. Ni Pongwe ya kiwanda cha saruji cha Simba, ya mawe ya chokaa, ya mashamba ya mkonge na malori yanayonguruma usiku kucha kuelekea Segera; mahali ambapo Wajerumani walifikisha kipande cha kwanza cha reli ya Usambara mwaka 1894. Ukumbi wetu ni kibanda umiza cha kawaida kabisa, cha mabati na mabenchi, ambako watu hulipia kutazama mpira wa Ulaya au filamu za mapigano zilizotiwa sauti ya mtafsiri. Usiku huo hapakuwa na mechi. Mwenye kibanda alitukubalia, rafiki yangu wa Unguja alikuwa ameniletea filamu zote mbili za Jones, hii na ile ya kwanza, As Old As My Tongue ya mwaka 2006, na akina mama wa mtaani, ambao kwa desturi hawakanyagi pale, walikuja na leso zao mabegani wakakaa mbele.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Bibi alipofungua kinywa tu, ukumbi mzima ulielewa! Hakuna aliyeuliza “anasemaje?” Hakuna aliyemsubiri mtafsiri. Sisi tumezoea kwamba filamu kubwa ikija, shujaa anazungumza Kiingereza, Kihindi, Kichina au Kikorea, na sisi tunakaa tukitegemea huruma ya mtu wa pembeni. Safari hii maandishi ya chini ya kioo yalikuwa ya wageni. Utani wake uliingia moja kwa moja. Mafumbo yake yaliingia moja kwa moja. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa anamjibu Bi Kidude kwa sauti, neno kwa neno, kana kwamba wamekaa baraza moja. Aliyehitaji kufasiriwa ni Jones mwenyewe, pale anaposimulia kwa Kiingereza, na kijana mmoja wa sekondari aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Sijapata kuona watazamaji wakiwa na mamlaka namna ile juu ya filamu. Wenzetu wa Ulaya walioipigia makofi kwenye matamasha yao waliona picha nzuri ya bibi wa ajabu, sisi tulimsikia.

Kwa asiyemjua, habari zake ni hizi. Alizaliwa kijiji cha Mfagimaringo, Unguja, mwanzoni mwa karne ya ishirini, baba yake akiwa muuza nazi. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Yeye mwenyewe alijipimia umri kwa enzi za rupia, na rupia ilitumika Zanzibar mpaka ilipobadilishwa kwa shilingi mwaka 1936, basi hapo kila mtu alikuwa huru kupiga hesabu anayoitaka. Uimbaji aliupata kwa kumsikiliza Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na kuitoa taarabu kwenye Kiarabu cha majumba ya wakubwa akaileta kwenye Kiswahili cha mitaa ya Ng’ambo mjini Unguja. Akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi, nusura Kidude aozwe mume asiyemtaka. Akakimbia. Alivuka bahari akaja huku mrima, akatembea peku, akaimba mji kwa mji. Baadaye aliolewa mara mbili, na ndoa zote mbili akaziacha nyuma. Hakujaaliwa mtoto wa kumzaa. Alirudi Unguja, akaishi Ng’ambo kwenye nyumba ndogo ya udongo, akifanya kazi za mikono yake: hina na wanja kwa maharusi, dawa za miti, na zaidi ya yote unyago, ambao aliupiga kwa ngoma zake na kuwafunda mabinti wasiohesabika.

Dunia ilimgundua akiwa tayari bibi kizee. Miaka ya themanini alizunguka na kundi la Twinkling Stars la Mohamed Ilyas, kisha majukwaa ya Ulaya yakaanza kumgombea, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX kule Newcastle, Uingereza. Fikirini kidogo jambo hilo. Wanamuziki wengi wa umri wa miaka sitini wanaitwa waliostaafu. Huyu alianza kupanda ndege wakati wenzake wa rika wameshazikwa!

Filamu ya kwanza, ile ya 2006, ndiyo inayomfuata katika safari hizo, kutoka vichochoro vya Unguja mpaka kumbi za Ulaya. Ni filamu ya furaha. Imejaa sura yake, na kamera inajua kwamba sura ile inatosha: mikunjo, macho yanayocheka kabla ya mdomo, sigara isiyokauka mkononi. Ndiyo, sigara. Na kinywaji. Na kicheko cha mtu asiyemwogopa mtu. Anaifunga ngoma kiunoni, anaipanda, anaipiga, na anapoimba sauti inatoka ikiwa imekwaruzika kila upande, lakini haitetereki hata mara moja kwenye kile inachokusudia kusema. Wapo waimbaji wa taarabu wenye sauti tamu kuliko yake, mamia. Sijasikia hata mmoja mwenye sauti inayoaminika kuliko hiyo.

Lakini ni hii ya pili iliyonitoa pumzi. Inaanzia kwenye habari iliyotushtua sote mwaka 2012: kwamba Bi Kidude ametekwa! Bibi wa umri ule! Ilivyokuja kujulikana, ndugu yake wa damu alikuwa amemchukua akamweka kwake Bububu, akiwaambia waandishi wa habari kwamba bibi ni mgonjwa, kwamba hataimba tena, na kwamba kwa miaka mingi watu wa muziki wamemnyonya. Watu wa muziki nao wakasema aliyemnyang’anya uhuru wake ni huyo ndugu. Majirani walikuwa na lao. Mashabiki wakapiga kelele. Jones, aliyekuwa amemfanya ajulikane zaidi kwa filamu yake ya kwanza, akarudi Zanzibar kutafuta ukweli, na akajikuta naye yumo ndani ya kesi, kwa sababu ukiuliza nani amefaidika na Bi Kidude, mwenye kamera hawezi kujitoa. Jina la filamu, ambalo kwa Kiingereza ni kupiga picha na pia kupiga risasi, linalibeba jambo hilo bila kujificha.

Na hapa ndipo nilipokaa wima kwenye benchi. Tumezoea namna moja ya filamu za magwiji wa muziki wenye maisha ya misukosuko, na Wamarekani ndio walioikamilisha, hasa kwa magwiji wao wa muziki wa country, ule wa magitaa na vijijini ambao wazee wetu waliupenda redioni kupitia Jim Reeves na Don Williams. Mwaka 2005 walitoa Walk the Line, kuhusu Johnny Cash: utoto wenye msiba, vidonge, pombe, kisha mwanamke anayemwokoa. Mwaka 2015, mwaka uleule wa filamu ya pili ya Jones, wakatoa I Saw the Light kuhusu Hank Williams, aliyefia kiti cha nyuma cha gari njiani kwenda kwenye onyesho siku ya mwaka mpya wa 1953, akiwa na miaka 29. Sisi nasi tuna wetu wa namna hiyo. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikufa kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu, na mpaka leo hakuna aliyeacha kumlilia.

Msiba wa Hank na Mbaraka ni kwamba walikwenda mapema. Sasa tazama msiba wa Bi Kidude: hakwenda! Alibaki. Aliishi mpaka watu wakaanza kumgawana angali hai. Mtu akifa kijana, warithi husubiri matanga yaishe kabla ya kuanza kugombana. Huyu walimgombania akiwa amekaa kitandani anawasikia. Ana mapromota, ana ndugu, ana bendi, ana serikali inayomwita hazina ya taifa, ana wageni wenye kamera, na yeye mwenyewe pesa akizipata anazigawa mtaani. Nani alinde mali ya mtu ambaye hataki kuwa na mali? Nani amwamulie mtu aliyekimbia kuamuliwa tangu ana miaka kumi na mitatu? Sijaona filamu yoyote ya gwiji wa muziki, ya country wala ya taarabu wala ya rumba, iliyothubutu kukaa na swali hilo. Hollywood haina msamiati wa bibi wa umri ule anayevuta sigara na bado anagombea mamlaka ya kulala nyumba anayoitaka.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kwamba filamu haimpaki chokaa. Pongwe tunaijua chokaa. Tunajua inavyofanya ukuta wowote uliopasuka uonekane mpya kwa mbali. Sisi watu wa pwani, mtu akishafariki, ulimi wetu hugeuka brashi. Marehemu hasemwi. Kila marehemu alikuwa mpole, alikuwa mcha Mungu, alipenda watu wote. Naielewa desturi hiyo na ninaiheshimu matangani. Kwenye filamu inaua. Jones hakuificha sigara, hakulifuta tusi, hakumgeuza Bi Kidude kuwa bibi wa kalenda mwenye tabasamu na kanga safi. Ugomvi wa siku zake za mwisho umewekwa mezani wote, na walioshutumiwa wamepewa nafasi ya kusema, hata yule ndugu ambaye mashabiki walishamhukumu. Na bado, baada ya yote hayo, unatoka unampenda zaidi. Heshima iliyofika pale bila kusafishiwa njia ni heshima ya kweli.

Tanga tuna haki ya kulisema jambo hili kuliko watu wengine, kwa sababu heshima ya kwanza kubwa iliyoandikwa kwa mwimbaji wa taarabu ilitoka kwenye kalamu ya mtu wa Tanga. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad. Ni kitabu ninachokipenda tangu shuleni. Kinamwinua mwanamke masikini, aliyezaliwa kwenye nyumba ya watumwa, kinamweka pale ambapo wakubwa wa zama zake wasingemweka, na kwa wakati wake huo ulikuwa ujasiri mkubwa. Lakini Siti wa Shaaban Robert ni kielelezo. Kila kisa kinakwenda kwenye fundisho. Amesimama juu ya kiti kirefu, na msomaji anamtazama kwa kuinua shingo. Bi Kidude wa filamu hii, mwanafunzi wa huyo huyo Siti, amekaa chini mkekani na anakuomba kiberiti. Nilipoviweka viwili hivyo pamoja usiku ule nilitamani Shaaban angekuwepo kibandani, aone, abishe. Angebisha, nina hakika. Na ubishi huo ungekuwa mtamu kuusikiliza.

Nirudi kwa akina mama, maana wao ndio waliotazama kwa macho yanayostahili. Ngoma ya unyago ilipoanza kusikika, kundi la mbele lilibadilika ghafla. Mabega yakaanza kuitika. Tanga ni nchi ya ngoma za wanawake. Baikoko, inayogombaniwa majukwaani kila siku, imetoka huku kwetu, na shina lake ni hukohuko kwenye kufunda wali. Bibi mmoja, kungwi anayejulikana mtaa mzima, alikuwa anahesabu mapigo kwa kidole kwenye goti lake. Baadaye nikamwuliza kama mipigo ya Unguja inafanana na yetu. Akanitazama kama anayepima kama nimefikia umri wa kuuliza. “Mwanangu,” akasema, “hayo ya ndani hutayajua. Ila yule bibi anajua anachokipiga.” Sijawahi kusikia uhakiki wa filamu uliokamilika kuliko huo.

Na kweli, hapo kuna jambo zito ambalo mtazamaji wa kiume kama mimi hulipita haraka. Tunamwita Bi Kidude mwimbaji wa taarabu kwa sababu taarabu ndiyo tuliyoruhusiwa kuisikia. Kazi aliyoifanya sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ndani, mlango umefungwa, wanaume wako mbali: kumwambia binti ukweli wa mwili wake kabla mume hajaingia. Ndiyo maana aliimba bila haya. Haya ilikuwa imeshapewa mahali pake ndani kule, na huku nje haikuwa na kazi. Mwanamke aliyekataa kuozwa kwa nguvu akaja kuwa ndiye anayewaandaa wali wa mji mzima! Hapo wale wanaodhani uswahili na Uislamu wa pwani vinamtaka mwanamke awe wa namna moja tu wanapata jibu lao, bila hotuba.

Ipo pia Kijiti. Mnajua wimbo ule aliourithi kwa Siti: kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa Zanzibar baada ya kwenda kwenye starehe, muuaji akatorokea bara, na mahakama ikawatia hatiani wanawake waliokuwa naye. Siti aliuimba kuishtaki mahakama ya kikoloni. Bi Kidude aliendelea kuuimba miongo mingi baada ya mahakama ile kutoweka, na kwenye koo lake ule wimbo haukuwa kumbukumbu ya makumbusho. Ulikuwa bado unadai hukumu. Niliwaangalia vijana wa pikipiki waliokuwa wamesimama mlangoni, wale ambao kwao taarabu ni ya mashangazi, na walikuwa wametulia kabisa.

Kasoro? Zipo, na kwa sababu ninaipenda sana filamu hii nazitaja. Jones anapofuatilia nani alimteka nani, mara nyingine filamu inaikimbilia shauku ya upelelezi kuliko inavyostahili, na mimi binafsi nilitamani nyimbo zipewe nafasi zaidi ya kupumua. Muziki wa pwani ni wa subira. Fumbo linafungwa polepole, na anayelikata katikati analipoteza. Nilitamani vilevile kuwaona zaidi mabinti aliowafunda, wale ambao leo ni mabibi Ng’ambo na wanajua mambo yake ambayo hakuna mwanamume mwenye kamera ataambiwa. Labda hiyo ni filamu ya tatu, na labda inamsubiri mwongozaji mwanamke, aliyechezwa unyago yeye mwenyewe, anayejua pa kuizima kamera.

Na mwisho wake, jamani! Maziko ya Kitumba! Watu kwa maelfu, Rais wa wakati huo, Kikwete, akiwa miongoni mwa waombolezaji, yeye aliyempa nishani ya sanaa na michezo mwaka mmoja tu kabla. Taifa zima limekuja kumzika binti wa muuza nazi. Ukumbini kwetu baadhi walilia waziwazi, na kabla machozi hayajakauka ubishi ukaanza. Ndugu alikuwa na haki! Hakuwa na haki! Ninyi mngemwacha bibi yenu apande ndege na homa? Na nyinyi mngemfungia bibi yenu ndani kama mwali? Mwenye kibanda alizima luninga watu wakaendelea kubishana nje barabarani, malori yakiwamulika, na hakuna aliyetaka kwenda kulala.

Mimi nami nilikuwa nabishana, lakini akili yangu ilishafika Pangani. Maana nani atatutengenezea filamu ya Bi Shakila? Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani, sauti ya Black Star Musical Club ya Tanga! Kundi lile la miaka ya sitini liliichukua taarabu likaipa gitaa na besi na mwendo wa kuchezeka, likaitoa kwenye okestra kubwa za Unguja, na mtindo wake ukaenea Mombasa na kwingineko kote. Macho Yanacheka ya Shakila imepigwa na redio mpaka watoto waliozaliwa jana wanaijua, na wengi wao hawajui kwamba mwimbaji wake alitoka huku kwetu. Aliingia kwenye muziki akiwa binti mdogo, akapita ndoa na uzazi na shida za aina zote, akamalizia uimbaji wake Dar es Salaam, na akafariki Agosti 2016 huko Mbagala. Maisha ya filamu mbili, si moja. Waunguja wamepata ya Kidude, na mwaka 2016 wakapata tena Poetry in Motion ya Ron Mulvihill, kuhusu miaka mia ya Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905. Wanastahili. Sisi tuna Black Star, tuna Lucky Star, tuna Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na hatuna saa moja ya filamu ya kumwonyesha mtoto wa darasa la saba ajue anatoka mji gani.

Wapo bado watu wa Tanga waliocheza na Shakila kwenye kumbi za mjini. Wapo waliokuwa vijana wakati Majestic ikionyesha sinema za Kihindi na wapiga magitaa wakitoka pale na midundo vichwani mwao kwenda kuigeuza taarabu. Wana picha kwenye masanduku, wana kanda, wana ugomvi ambao haujaisha. Simu ya kawaida leo inarekodi vizuri kuliko kamera nyingi za zamani. Kijana yeyote wa Ngamiani au Chumbageni mwenye simu, stendi ya miguu mitatu na adabu ya kusikiliza anaweza kuanza kesho asubuhi. Sharti langu ni moja tu: asiwapake chokaa. Aulize kuhusu pesa. Aulize nani aliacha kundi kwa hasira na kwa nini. Aulize habari za waume. Kisha anyamaze aache wazee waseme, maana watasema.

Wakati tunamsubiri kijana huyo, tutaionyesha tena I Shot Bi Kidude, safari hii ikitanguliwa na ile ya kwanza, ili watu waone furaha kabla ya ugomvi. Ukiwa Tanga mjini, panda daladala ya Pongwe, shuka kituoni uliza kibanda cha mpira. Kila mtu atakuelekeza. Mabenchi ya mbele yameshachukuliwa na akina mama, na yule kungwi amesema safari hii anakuja na ngoma yake.